Askofu Edward Steere na Kiswahili cha Unguja

Katika vyuo vya theolojia vya hapa Karen, mwanafunzi akiulizwa juu ya maaskofu waliokuwa waandishi, yaelekea atamtaja Augustino wa Hippo. Yuko mwingine aliye karibu nasi zaidi: Edward Steere, aliyezaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Yeye mwenyewe alipewa uaskofu mwaka 1874.

Habari za kanisa alilolijenga Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, zinajulikana sana. Linalotuhusu hapa ni vitabu viwili alivyovitoa mwaka 1870. Kimoja ni mwongozo wa lugha ya Kiswahili, nacho katika anwani yake chasema ni lugha kama isemwavyo Unguja. Cha pili ni hadithi, kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Steere, basi, hakudai kuandika Kiswahili chote. Aliutaja mji, akawataja wasemaji.

Mpaka huo ulikuja kusahauliwa. Wengi wetu husomesha kana kwamba ni mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 peke yake uliokikweza Kiunguja. Kwa maoni yangu, mkutano ule ulikuta nusu ya kazi imekwisha fanywa. Steere alifariki mwaka 1882, lakini aliacha sarufi, hadithi, tafsiri ya Agano Jipya na mtambo wa kuchapia, na A. C. Madan akaiendeleza sarufi yake. Kimvita nacho hakikukosa hazina: tungo za Muyaka bin Haji zilikuwako kabla Steere hajatia mguu pwani, ila hazikuwa zimepigwa chapa. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka mwaka uo huo wa 1882, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Hasara yake twaijua sisi wa Kenya. Mtoto wa Mombasa asemaye mato na ndoo hutakiwa aandike macho na njoo. Na t ya meno na t ya ufizi, azitenganishazo vyema kwa ulimi, zimepewa herufi moja tu. Sioni haki ya kumlaumu Steere kwa hayo. Yeye aliueleza usemi wa mji mmoja. Waliomfuata ndio walioufanya kipimo cha miji yote, tena kwa kuupunguza. Atakaye ushahidi na azifungue zile hadithi za 1870: mle mna maumbo ambayo mwalimu wa leo angeyakata kwa wino mwekundu.