Sahani Kabla ya Maji

Kila kijana aliyeletwa kwangu kwenye chumba cha kuoshea vyombo, katika hoteli moja ya Mombasa, aliingia akiikodolea macho mashine. Mimi nilimwambia atazame kreti. Mashine haina macho. Maji yanarushwa kutoka chini na juu, yakifika yanaosha, yasipofika hayaoshi; sahani mbili zikilaliana, zitatoka na mchuzi wake zikiwa za moto tu. Ndiyo maana namheshimu mjane mmoja wa Shelbyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani.

Josephine Cochrane hakuwa mtu wa kuosha vyombo. Alikuwa na watumishi, na seti ya vyombo vya kaure ambavyo kila baada ya karamu vilirudi kabatini vimemeguka kingo. Kilichomuuma ni kaure yake, wala tusimpambe kwamba aliihurumia mikono ya watumishi.

Mashine zilikwisha kubuniwa kabla yake. Mwaka 1850 Joel Houghton alipata hataza ya mashine ya mbao yenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, likivirushia vyombo maji. Kurusha ilirusha, kutakatisha ni habari nyingine. Josephine hakuanzia kwenye maji. Alizipima sahani, akapima vikombe na visahani vyake, akatengeneza vyumba vya waya, kila chombo na nafasi inayokitosha. Vyumba hivyo akavipanga kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya boila la shaba. Gurudumu likizunguka, maji ya moto yenye sabuni yalivipiga vyombo kwa nguvu, navyo vimeshikwa visigongane. Hakuna kusugua, hakuna kumegeka.

Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na mashine ikageuka kutoka hamu ya bibi mwenye nafasi ikawa riziki. Makanika George Butters alimsaidia kuiunda, na hataza ikatoka tarehe 28 Desemba 1886. Baadaye Josephine alilalamika kwamba mafundi wanaume hawakufuata maelekezo yake mpaka kwanza njia zao wenyewe ziwashinde. (Mafundi wa aina hiyo nawajua, na si wote wako Illinois.)

Wateja wake wa mwanzo walikuwa hoteli za Chicago, Palmer House kisha Sherman House. Alisimulia kwamba kuukata ukumbi wa Sherman House peke yake, bila mume wala baba, nusura kumzimishe. Akatoka na oda ya dola 800. Katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 mashine yake ilipewa tuzo. Majumbani haikuingia kirahisi: bei ilikuwa kubwa, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kuitosheleza. Alifariki mwaka 1913. Kampuni yake ilinunuliwa na kampuni nyingine, Hobart, mwaka 1926, na mwaka 1949 ndipo ikatoka mashine ya nyumbani yenye jina la KitchenAid.

Mimi nikifungua mashine ya leo naziona zile waya za Josephine. Sahani zinasimama na kuelekea katikati, maji yanakotoka. Vikombe na bakuli hufunikwa, viinamishwe kidogo ili maji yasituame kwenye vitako. Vijiko ndivyo visumbufu: ukivitia vyote upande mmoja vinakumbatiana, kwa hiyo vichanganye na uma. Vya fedha halisi usivigusishe na vya chuma cha pua, vinaingia madoa. Mwiko uoshe kwa mkono, la sivyo utapasuka. Sufuria ya alumini nayo itatoka imefifia kama ya msibani.

Kuhusu uma watu wanabishana hadi leo, meno juu au chini, nami nasema juu, maji yanapita vizuri. Kisu sina mjadala nacho. Makali chini, maana kreti huwa inapakuliwa na mtu mwenye haraka.