Kabla ya kupiga nyundo, jua hiyo shafti ilitoka wapi

Bura ninayoongelea si ile ya Tana River. Ni Bura ya Taita, chini ya milima, kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta ukishapita Mwatate. Historia yake mkisikia huwa ni mambo mawili tu: misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1892, na vita. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha reli hapo kutoka Voi ili wakapigane na Wajerumani upande wa Taveta, na maji ya Bura yakapelekwa kwa mabomba hadi kambi za wanajeshi huko nyika kavu.

Sawa, hiyo mmesoma. Mimi leo nina historia ya chuma kimoja kinachokaa nyuma ya trekta, na naomba msiondoke, kwa sababu hiki chuma kinaweza kukula msimu mzima wa mvua. Au mkono.

Trekta ikikaa tu bila kuvuta kitu, bado inaweza kuzungusha mashine nyingine: ya kupukuchua mahindi, ya kukata nyasi, pampu ya maji. Nguvu hutoka kwa kichuma chenye meno nyuma ya trekta, watu hukiita PTO, halafu shafti ndefu inaipeleka kwa mashine. Zamani haikuwa hivo. Mashine ya kuvuna ilipata nguvu kutoka kwa gurudumu lake yenyewe, likizunguka ardhini. Udongo ukiwa na tope gurudumu linateleza, mashine inasimama, na ngano inaoza ukiitazama. Mfaransa mmoja, Albert Gougis, akaunganisha injini na mashine ya kuvuna kwa shafti, mwanzoni mwa karne ya 20. Mhandisi wa Marekani, Edward Johnston wa kampuni ya International Harvester, aliiona hiyo kazi, hakuisahau, na mwaka 1918 kampuni yake ikawa inauza trekta yenye PTO.

Sasa hapa ndio mimi huchizi. Kabla miaka ya 1920 kuisha, wahandisi wa Marekani walikaa chini wakakubaliana kipimo kimoja: kipenyo cha inchi 1⅜, meno 6, na mizunguko karibu 540 kwa dakika. Karibu miaka mia imepita. Simu yako imebadilisha tundu la chaja mara ngapi? Lakini shafti ya meno 6 ya mzee fulani kule Bura inaweza kuingia kwa trekta iliyotoka dukani jana. Sijui kitu kingine cha chuma kilichoheshimu maskini hivo.

Shida ni kwamba kipimo kilisafiri, grisi haikusafiri nacho.

Hiyo shafti ni vipande viwili, kimoja ndani ya kingine, kama selfie stick. Trekta ikikata kona au ikiinua mashine, shafti lazima ijifupishe, halafu irefuke tena. Kila mwisho una krosi, ile kiungo inayoiruhusu kupinda ikizunguka. Kule Bura kuna misimu miwili ya mvua, na yote ni mifupi, vuli ndio watu wanaitegemea zaidi. Kwa hivyo trekta inafanya kazi wiki chache halafu shafti inalala miezi nje, kwenye vumbi jekundu. Grisi ya zamani inakauka na vumbi, inakuwa kama simenti. Kutu inamalizia. Siku mvua inanyesha, mwenye trekta anagundua vipande viwili vimekuwa kimoja.

Wengine wanaifunga hivo hivo waende kazi. Hapo trekta ikikata kona, shafti inakataa kujifupisha, inasukuma kama mti. Kitu kinachopasuka si shafti, ni beringi na gia za mashine, au za trekta yenyewe. Wengine wanaleta nyundo kubwa. Ukigonga mrija ukabonyea, hautateleza tena milele, na umenunua mpya.

Fundi mmoja wa upande wa Mwatate alinieleza hivi: "Kijana wangu, hiki chuma hakitaki nguvu, kinataka usiku." Anazima trekta, ufunguo anautia mfukoni mwake. Anatoa kifuniko cha plastiki, anasugua kutu kwa brashi ya waya, anamwagia oili nyepesi ya kupenya kutu, halafu anaenda kulala. Asubuhi anamwagia tena. Akigonga, anaweka kipande cha mbao katikati, na anagonga ile sehemu nene ya mwisho, huku anazungusha kidogo kidogo. Ikikataa bado, upande mmoja unafungwa kwa mti mnene, mwingine unavutwa polepole kwa mnyororo, na hakuna mtu anayesimama karibu. Moto hapendi, kwa sababu grisi na oili zinawaka. Na kabla ya kutenganisha anachora alama kwa vipande vyote viwili, ili krosi zirudi zikiwa zimelingana. Zikirudi zimepishana, shafti itatetemeka mpaka ivunje kitu.

Kutunza ni rahisi mpaka inakera. Krosi zinataka grisi karibu kila saa 8 za kazi, na ile mirija inayoteleza inapakwa pia. Kazi ikiisha, shafti inatenganishwa, inafutwa, inapakwa, inawekwa chini ya paa. Hicho kifuniko cha plastiki kinarudishwa. 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Shafti nene ya sentimita 7 ikishika kona ya shati lako, inavuta karibu mita mbili za kitambaa kabla hujamaliza kusema "aki". Wewe uko ndani ya hilo shati.

Kama unadhani hii ni story ya fundi mmoja, angalia Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipeleka matrekta kwa wingi Kongwa, Dodoma, kulima karanga. Mengi yalikuwa masalio ya vita. Udongo wa Kongwa ulikula majembe kama msasa, mashine ziliharibika haraka kuliko karakana ilivyoweza kutengeneza, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni. Pesa ya kununua ilikuwepo. Kilichokosekana ni kazi chafu ya kila siku.

Na bado tuko hapo. Trekta mpya ikizinduliwa kuna hema, kuna ribbon, kuna picha. Sijawahi kuona mheshimiwa akizindua kopo la grisi. Mimi nasema kila trekta ya umma ingekuja na bajeti ya grisi, kifuniko na siku mbili za kumfundisha dereva, la sivyo ibaki bandarini.

Kama una mjomba mwenye trekta Bura, Mwatate ama popote, mpigie September, kabla ya vuli. Muulize kama ile shafti bado inateleza. Akisema hajui, mwambie ajaribu kuivuta leo, kungali kukavu, maana oili inahitaji usiku mmoja ama miwili, na mvua ikishaanza hakuna mtu anayelala.