Retatrutidi

Retatrutidi ni dawa ya majaribio ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, inayokusudiwa kutibu unene wa kupindukia na kisukari aina ya 2. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Molekuli yake moja huiga kazi ya homoni tatu za mwili: GLP-1, GIP na glukagoni.

Utendaji

GLP-1 na GIP hutolewa na utumbo baada ya mtu kula. Zote mbili huchochea kongosho kutoa insulini wakati sukari ya damu imepanda. GLP-1 pia huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuleta hisia ya shibe.

Glukagoni hutoka kwenye kongosho, nayo hulifanya ini kutoa sukari. Ingetarajiwa basi kwamba kuiiga kungemdhuru mgonjwa wa kisukari. Hata hivyo, glukagoni huongeza pia matumizi ya nishati na kuunguza mafuta ya ini, huku homoni mbili nyingine zikizuia sukari isipande.

Dawa zilizotangulia huiga homoni chache zaidi: semaglutidi huiga GLP-1 pekee, na tirzepatidi huiga GLP-1 na GIP.

Majaribio

Matokeo ya awamu ya pili yalichapishwa mwaka 2023. Jaribio moja lilihusisha watu wazima 338 wasio na kisukari. Baada ya wiki 48, waliopewa kipimo cha juu, miligramu 12, walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 24.2, waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.1.

Jaribio lingine lilihusisha wagonjwa 281 wa kisukari aina ya 2. Kipimo hichohicho kilipunguza uzito kwa takriban asilimia 17 katika wiki 36, na sukari ya damu ilishuka pia.

Madhara na tahadhari

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo. Mapigo ya moyo yaliongezeka hadi wiki ya 24, kisha yakaanza kupungua.

Hadi mwisho wa mwaka 2025 dawa hii ilikuwa katika awamu ya tatu ya majaribio, haijaidhinishwa kuuzwa. Hata hivyo, bidhaa zenye jina lake huuzwa kwenye intaneti. Mnunuzi hana hakika ya kilichomo wala kipimo chake, na hana daktari wa kufuatilia hali yake kama ilivyo kwa washiriki wa majaribio.