Darasa la Watu Milioni Mbili

Tukizungumzia elimu, mara nyingi mawazo yetu hukimbilia kwa mtoto: ada, madawati, mitihani. Wiki hii nataka tumkumbuke mtu ambaye wanafunzi wake walikuwa baba zetu na mama zetu. Jina lake ni Paul Mhaiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mhaiki alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mjini Dar es Salaam, iliyokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu. Baadaye akaongoza shughuli hizo katika Wizara ya Elimu, kisha akaenda Paris kuzisimamia katika UNESCO. Ukiitazama kwa haraka, utadhani ni kazi ya mezani tu. Lakini sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wawili kati ya kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika, na Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wa kutosha walikuwa wapi? Hawakuwapo.

Ndipo redio ilipoingia. Taasisi ilianza kidogo kidogo, mwaka 1969, kwa kipindi cha Kupanga ni Kuchagua, kilichoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1971 ikafuata Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na walioshiriki walikuwa kama 20,000. Miaka miwili tu baadaye, 1973, ikaja Mtu ni Afya, na mara hii walishiriki watu wapatao milioni mbili.

Milioni mbili hao hawakupatikana kwa kupiga ngoma hewani. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ngazi kwa ngazi, kutoka wilayani hadi vijijini. Vitabu vilichapwa kwa lugha nyepesi, ili hata aliyejifunza kusoma juzi aweze kuvifuata. Kwa wiki kumi na mbili watu walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza habari za malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Kipindi kilipokwisha, kitabu kilisomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, na kabla ya kutawanyika wakaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Sijui redio ngapi duniani zinaweza kujivunia vyoo!

Sambamba na hayo kilikuwapo kisomo chenye manufaa, kilichojaribiwa kuanzia 1968 katika mikoa ya Ziwa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 ilitangazwa kwamba wamepungua hadi asilimia 9.6.

Hapo ndipo pa kusitasita kidogo. Sensa ya 2002 ilikuta kwamba karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Ni kweli vipimo havikuwa sawa: mtihani ni mtihani, na sensa humwuliza mtu tu. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuielezea kwa vipimo peke yake. Katika miaka ya 1980 fedha za Serikali zilipungua, karatasi ikawa adimu, na madarasa mengi ya jioni yakafungwa. Mama aliyefuzu hatua ya nne mwaka 1977, akarudi kijijini pasipo gazeti wala kitabu, angesoma nini?

Mhaiki na wenzake walikuwa wameliona jambo hilo mapema. Ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijiji, na huko mikoa ya Ziwa likatolewa gazeti la wasomaji wapya. Waliliita Elimu Haina Mwisho.