Benga ya Ukambani

Benga ya Ukambani ni muziki wa dansi wa magitaa unaoimbwa hasa kwa Kikamba. Wasikilizaji wake wa asili ni watu wa Ukambani, ukiwemo ukanda wa Kalama, eneo la vilima katika Kaunti ya Machakos, Kenya.

Chimbuko. Kabla ya gitaa, Wakamba walikuwa na ngoma zao, kama kilumi, ambayo hupigwa na kuchezwa zaidi na wanawake kwa ajili ya tambiko na uganga. Benga yenyewe ilitoka kwa Wajaluo, kando ya Ziwa Viktoria, ikaenea nchini katika miaka ya 1960 na 1970.

Safari ya wanamuziki. Njia ya kawaida ilielekea Nairobi. Huko wanamuziki walirekodi santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizouzwa katika maduka ya River Road, na kupiga dansi kwenye vilabu. Kakai Kilonzo (1954–1987), kiongozi wa Kilimambogo Brothers, aliimba pia kwa Kiswahili, akapata mashabiki nje ya Ukambani. Peter Mwambi aliongoza Kyanganga Boys. Onesmus Musyoki na wenzake wa Kalambya Boys waliwapigia muziki Kalambya Sisters, waliovuma kwa wimbo “Katelina”.

Sifa. Besi na ngoma hushika mdundo wa haraka usioyumba. Gitaa la solo hujibizana na mwimbaji. Mashairi husimulia mapenzi, ndoa na maisha ya kila siku.