Wanafunzi wa Tope la Kigoma

Novemba 1871, muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Walikuwa na swali moja: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Walifika mlangoni mwa mto, wakatazama mkondo, wakaona kwamba unaingia. Jibu hilo likaenda Ulaya chini ya majina yao. Wapiga makasia waliowafikisha pale, pamoja na wavuvi wa kaskazini waliokuwa wakiupita mto ule kila siku, hawakuingia kwenye orodha ya waliogundua chochote.

Mambo yaliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1896 alikuja Mwingereza J. E. S. Moore. Alipoona konokono wa ziwa hili wanafanana na wa baharini, akadhani Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Mtafiti Cunnington alifuata mwaka 1904, na kazi yake ikasaidia kuiangusha dhana hiyo. Wabelgiji walilipima ziwa kwa upana zaidi mwaka 1946 na 1947. Kila msafara ulihitaji watu wa pwani ya ziwa kuvuta nyavu, kubeba mizigo na kutaja majina ya samaki. Haukuwahitaji waulize swali.

Ndiyo maana naupa uzito mwaka 1998. Mwaka huo Andrew Cohen, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona, pamoja na wenzake walianza kukusanya Kigoma, msimu wa kiangazi, wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Marekani na nchi za Afrika. Mradi waliuita Nyanza, neno ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu maana yake ni ziwa. Kambi ilitegemea kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mshirika. Mwanafunzi alikaa wiki saba hivi. Alianza kwa mihadhara na mazoezi, kisha akachagua swali lake, akapewa msimamizi, akaenda ziwani kulitafutia jibu. Mwisho aliandika ripoti na kusimama mbele ya wenzake kuitetea.

Nikae kidogo kwenye tope, maana hapo ndipo somo lilipokuwa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chini ya mita mia mbili hivi, maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo huko hakuna minyoo wala konokono wa kuchimba sakafu. Kinachotua hubaki kilivyotua. Katika baadhi ya maeneo, msimu wa upepo huacha utando mweupe wa magamba ya diatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao msimu wa mvua huacha utando mweusi wa udongo ulioletwa na mito. Bomba likishushwa hadi sakafuni na kuvutwa juu, hutoka na tabaka hizo zikiwa zimepangana. Likipasuliwa kwa urefu juu ya meza, harufu kama ya yai viza hujaa chumbani, na mbele yako kuna mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mingine myembamba kama ukucha.

Mwanafunzi aliyesoma kuhusu mvua na upepo kitabuni sasa anavigusa kwa kidole. Msimamizi yuko pembeni. Hamwambii jibu, anamuuliza kwa nini mstari huu ni mnene kuliko ule, na amejuaje. Mwingine yuko kwenye hadubini akihesabu ostrakodi, viumbe vidogo vyenye gamba kama la kunde, kulinganisha ufuko ulio chini ya msitu wa hifadhi ya Gombe na ule ulio chini ya vilima vilivyofyekwa. Udongo wa vilima vitupu ukishuka ziwani, aina za viumbe hao hupungua.

Palikuwa na ugumu ambao haupaswi kufichwa. Fungu kubwa la fedha lilitoka kwenye mpango wa serikali ya Marekani wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kanuni ya mpango huo ni kuwalipia raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Nafasi za Waafrika zilibidi zitafutiwe fedha kwingine. Ziwa lilikuwa letu, ila mlango wa kuingilia ulikuwa na ufunguo wa mtu mwingine.

Wakati huohuo sayansi ya ziwa ilikuwa ikienda mbio. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto linazidi kuyatenga maji ya juu na ya chini. Upepo wa kusi hauyachanganyi kama zamani, rutuba inabaki chini, chakula cha dagaa kinapungua. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, wakisoma tope la ziwa hilihili, waliandika kwamba joto la mwishoni mwa karne ya 20 halijapata kuonekana katika miaka 1,500. Hayo ni matokeo makubwa, nayo yanamhusu moja kwa moja mvuvi wa Kigoma anayeona karabai zake zikiwaka usiku kucha kwa ndoo chache za dagaa. Lakini andiko la 2003 lina majina matano ya waandishi, na hakuna hata moja la mtu wa Tanzania, Burundi, Kongo au Zambia.

Wiki saba hazitoshi kulibadili hilo. Zilichoonyesha ni kwamba kijana wa mwaka wa pili au wa tatu, akipewa swali, mtumbwi na mtu wa kumsikiliza, anaweza kufanya utafiti wa kweli.

Mhadhiri wa jiolojia unayesoma haya, Dar es Salaam, Bujumbura, Lubumbashi au Lusaka: likizo ijayo chukua wanafunzi wawili, hasa yule ambaye baba yake ni mvuvi, uende nao ziwani. Waache wachague swali wenyewe. Kazi ikikamilika, andika majina yao juu yake.