Istilahi za tiba kwa lugha nyepesi

Istilahi za tiba ni maneno ambayo wataalamu wa afya hutumia kutaja viungo vya mwili, magonjwa, vipimo na dawa. Kuzifafanua kwa lugha nyepesi ni kumweleza mgonjwa maana yake kwa maneno aliyoyazoea bila kupotosha ukweli wa kitaalamu. Ufafanuzi umefaulu pale mgonjwa anapojua kinachotendeka mwilini mwake na anachopaswa kufanya akifika nyumbani.

Asili

Kiswahili kimepata istilahi hizi kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kukopa: saratani limetoka Kiarabu, ambako pia ni jina la kaa, ilhali virusi na insulini yametoka lugha za Ulaya. Ya pili ni kulipa neno la zamani kazi mpya. Chanjo limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo, kama ilivyofanywa wakati wa kukinga ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Leo hata matone ya polio anayodondoshewa mtoto mdomoni huitwa chanjo.

Njia ya tatu ni kuunda, kama ilivyofanyika kwa UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Mfano mzuri zaidi ni selimundu, jina la ugonjwa lililoundwa kwa maneno seli na mundu. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, hivyo hupenya hata kwenye mishipa myembamba. Himoglobini yenye kasoro huifanya ikakamae na kupinda kama mundu. Seli hizo hukwama, damu haipiti vizuri, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya mifupa. Aliyewahi kushika mundu shambani hapati shida kuiona picha hiyo.

Maneno yanayohitaji uangalifu

Neno jepesi nalo laweza kupotosha. Neno kisukari humfanya mgonjwa aache sukari kwenye chai, huku akiendelea kujaza sahani ya wali. Aelezwe kwamba wanga wa wali, ugali na mihogo hugeuka sukari tumboni, na kwamba insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo huiingiza sukari hiyo kwenye seli. Insulini isipotosha, au mwili usipoitumia ipasavyo, sukari hubaki kwenye damu.

Presha ni jina la shinikizo la juu la damu, na pia la wasiwasi. Kwa sababu hiyo wapo wanaomeza dawa siku wanapojisikia vibaya tu, ilhali shinikizo linaloendelea kufikia 140/90 au zaidi laweza kudhuru moyo, figo na ubongo kwa miaka bila dalili yoyote.

Majibu chanya ni mtego mwingine. Mtaani chanya ni jambo jema. Maabarani humaanisha kwamba kilichotafutwa kimeonekana. Ni salama zaidi kusema: "Tumekuta vimelea vya malaria kwenye damu yako."

Maelekezo ya dawa

Kwenye bahasha ya vidonge huandikwa 1×3, na mhudumu husoma: "Kimoja, kutwa mara tatu." Kutwa ni mchana, kwa hiyo mgonjwa huweza kumaliza vidonge vyote vitatu kabla jua halijazama. Kwa kiuavijasumu kinachopaswa kutumiwa kila baada ya saa 8, usiku hubaki bila dawa. Kusema "kila saa nane" nako kuna utata, kwani saa nane pia ni wakati wa mchana. Njia iliyo wazi ni kutaja nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Kuhakikisha maana imefika

Swali "Umeelewa?" halitoshi, maana wengi hujibu "ndiyo" kwa heshima au kwa haraka. Mhudumu makini huuliza: "Mama, ukifika nyumbani utamwelezaje baba watoto jinsi ya kumpa mtoto dawa hii?" Mama akieleza kwa maneno yake, lililoeleweka na lililopotea huonekana hapohapo, kabla mtoto hajapewa dozi ya kwanza.